Vidonge Vinne, Sahani Mbili

Sista Quinter Odwori hakuwavumilia watu wa "nadhani." Katika kliniki ya saratani ya damu pale Busia, upande wa Kenya, neno hilo lilipigwa marufuku mezani pake. Mgonjwa akisema, "Nadhani jana nilikunywa," Quinter alivua miwani, akamtazama tangu utosini mpaka kwenye ndala, kisha akamwambia, "Na mimi nadhani nina mume tajiri. Haya, mimina tuhesabu."

Vidonge vilimiminwa kwenye sinia ya bluu, naye akavisukuma kwa kisu cha plastiki, viwili viwili, midomo ikimchezacheza. Hii haikuwa dawa ya kudungwa mkononi wodini, nesi amesimama kando. Mtu alipewa vidonge vya mwezi mzima, akavitia mkobani, akavuka mpaka navyo hadi kwake. Kila siku alitakiwa ameze vyote vinne, na chakula, na gilasi kubwa ya maji. Akivimeza hivyo, vinaiendea chembe mbovu ya damu na kuizima, na mtu anaishi miaka, analima, analea wajukuu. Asipovimeza sawasawa, ugonjwa unaamka kimyakimya. Jicho la nesi haliwezi kufika jikoni kwa kila mtu, kwa hiyo Quinter alihesabu vilivyobaki, na kwa miaka sita hesabu hiyo haikuwahi kumwaibisha.

Mgonjwa aliyempendeza kuliko wote alikuwa Apio, mwanamke wa Tiira, ng'ambo ya Uganda. Alikuwa Mteso mrefu wa miaka thelathini na tisa, mwenye maneno machache. Alipofika mara ya kwanza mwaka uliopita, wengu lilikuwa limevimba mpaka majirani wakampongeza kwa mimba. Sasa tumbo lilikuwa limerudi. Kila mwezi alipewa vidonge mia na ishirini, na kila baada ya siku ishirini na nane alirudi na vinane, si saba wala tisa. Quinter alikuwa amemfanya fimbo ya kuwachapia wengine. "Nendeni Tiira mkafundishwe," aliwaambia wavivu wa kumeza dawa, na Apio aliinamisha kichwa kwa haya.

Ndiyo maana Jumatano ile, Daktari Cornelius alipomwita na kumwonyesha karatasi ya majibu, Quinter alidhani majina yamechanganywa.

"Chembe mbovu, thelathini na moja kwa mia," daktari alisema. "Baada ya mwaka mzima nilitaka iwe chini ya moja. Ilishuka kidogo mwanzoni, sasa inapanda tena."

"Hapana, daktari. Huyu hajakosa hata kidonge kimoja. Nimehesabu mwenyewe."

"Basi hapo umenimalizia kazi, Quinter." Daktari Cornelius hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka. "Kama angekuwa anaruka, ningesema arudie vizuri. Lakini anakunywa yote na ugonjwa unapanda. Maana yake dawa imeshindwa. Jumatano ijayo naandika hivyo, anatolewa kwenye orodha ya dawa hii, anawekwa kwenye foleni ya ile ya pili."

Quinter aliijua foleni hiyo. Mwaka uliopita wagonjwa wake wawili walikuwa humo, na wote wawili aliwazika kabla zamu yao haijafika. Ushahidi wake mwenyewe, ule aliojivunia mbele ya watu, ndio uliokuwa unamsukuma Apio kaburini.

"Nipe mpaka hiyo Jumatano," alisema. "Kuna kitu sijauliza."

"Kitu gani?"

"Ningekijua, si ningekuwa nimeshakiuliza?"

Akamketisha Apio kwenye benchi la nyuma, akamuuliza maswali kama polisi wa mpakani. Kuna miti shamba? Hakuna. Dawa ya malaria? Hapana. Anatapika baada ya kumeza? Hata siku moja. Anakunywa na chakula? Na chakula, mchana, mama yake mwenyewe ndiye anapanga.

"Na vyote vinne vinaisha kila siku?"

"Inaisha yote, sista. Hakuna inabaki. Si umehesabu?"

Macho ya Apio yalikuwa makavu na maangavu, na Quinter, aliyejua uongo hata ukiwa umejifunika blanketi, hakuuona. Hilo lilimtisha zaidi.

Jumamosi akavuka. Alionyesha kitambulisho, akapita katikati ya malori, akafika mtaa wa Sofia, upande wa Uganda, na kumpata mwendesha boda aitwaye Emma, aliyeahidi kumfikisha Tiira kabla hajakohoa. Alikohoa mara arobaini, maana barabara ilikuwa vumbi jekundu mwanzo hadi mwisho. Walipita mashimo ya dhahabu, wanaume wakitoka ardhini na nyuso za tope, wanawake wameinamia mabeseni wakichekecha udongo. Chini ya turubai kando ya shimo moja, mwanamke mrefu alikuwa anakaanga mandazi. Quinter akamgonga Emma begani asimame.

"Apio! Nani alikuruhusu kusimama kwenye moshi wa mafuta?"

Mwanamke akainua kichwa, na Quinter akasita. Sura ilikuwa ileile, lakini kope zilikuwa zimevimba, zimejaa maji chini na juu, kama za mtu aliyelia matangani siku tatu. Jumatano macho hayo yalikuwa mazima.

"Mimi si Apio. Mimi ni Adongo," mwanamke akasema, akitabasamu. "Apio iko nyumbani. Wewe ni ile sista ya dawa?"

Quinter alitamani ardhi ya Tiira, ambayo tayari ilikuwa na mashimo ya kutosha, immeze. Kwa Wateso, kama kwa Waluo, watu wa kwao Quinter, Apio ni pacha aliyetangulia kuzaliwa, na Adongo ni yule aliyemfuata. Jina lilikuwa limeandikwa juu ya faili mwaka mzima. Mtoto wa darasa la pili wa kule kwao angeuliza, "Na mwenzake yuko wapi?" Yeye, bingwa wa kuhesabu, hakuuliza.

Adongo alizunguka jiko ili amsalimie vizuri, akichechemea, kisha akainama kusugua shavu la mguu.

"Mguu una nini?"

"Inakaza, sista. Nikilala inakaza kama kamba. Inaniamsha."

"Na tumbo?"

"Asubuhi natapika kidogo. Nafikiri ni hii moshi."

"Na macho?"

"Vumbi tu."

Quinter akaketi juu ya dumu la maji bila kukaribishwa. Macho kuvimba, misuli kukaza, kichefuchefu: mambo hayo matatu aliwasomea wagonjwa wapya kila Jumatano, kwa mpangilio huohuo, ili dawa ikiwaletea wasishtuke wakaiacha.

"Adongo, wewe unakunywa dawa gani?"

Adongo alimshangaa, kama mtu aliyeulizwa jina la mlango wa nyumba yake. "Si ile yetu? Ile unatupatia."

Boma lao lilikuwa mwendo wa dakika kumi. Mama yao, Akiteng, alikuwa kikongwe mfupi, mkavu, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Alimpokea mgeni kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye kiti kimoja chenye mgongo, akaamuru samaki aongezwe. Apio alitoka jikoni, akamwona Quinter, akamwona Adongo nyuma yake, akatulia. Hakuonekana kama mtu aliyefumaniwa. Alionekana kama mtu ambaye mzigo wake umeonwa na mwingine.

Chakula kilipokuja, atapa, yaani ugali wa mtama na mihogo, na samaki wa mchuzi wa ufuta, Akiteng alinawa, akafungua kopo la dawa, akatoa vidonge vinne. Akaweka viwili kwenye sahani ndogo ya Apio, viwili kwenye sahani ndogo ya Adongo. Hakuficha. Alifanya mbele ya mgeni kwa fahari, kama mtu anayeonyesha nyumba yake ilivyo safi. Kisha akawamiminia maji, gilasi mbili kubwa, kwa usawa mpaka tone la mwisho.

"Nyinyi!" Quinter alisimama, kiti kikaanguka. Hasira ilimpanda hata akasahau yuko kwa watu. "Mnajua mmefanya nini? Hii dawa ni ya mtu mmoja! Anayekunywa nusu ni sawa na asiyekunywa! Mama, ugonjwa wa Apio umerudi. Umerudi kwa sababu ya hizo sahani! Na huyu mwingine hana kansa, unamlisha sumu ya bure!"

Kuku mmoja alikimbia. Akiteng hakukimbia.

"Kaa chini, sista," alisema. Quinter, ambaye hakuzoea kuambiwa, alikaa. "Mimi nilizaa hawa siku moja. Nilioshea kwa beseni moja. Huyu akipata nguo, yule anapata nguo. Watu wakisalimia huyu, lazima wasalimie na yule. Sisi ya huku tunajua: pacha ukimruka, anakasirika, anaondoka. Anakufa. Nilikuwa na jirani aliruka mmoja kwa maziwa tu. Alizika." Akamwonyesha Apio kwa kidole. "Sasa hospitali inaniambia huyu iko na kifo ndani ya damu, na dawa ni hii. Nimpatie Apio yote, Adongo akae aangalie? Ni mimi nichague mtoto gani?"

Quinter alifungua mdomo amjibu kwa sayansi. Maneno yalikuwa tayari: chembe, kipimo, asilimia. Lakini aliutazama uso wa mama yule akaona hakuna ujinga pale. Kulikuwa na hofu ya mwaka mzima, hofu ya mzazi anayegawa uhai wa watoto wake kwenye sahani kila mchana na kuomba utoshe. Yeye Quinter alikuwa ameuliza kuhusu miti shamba, kuhusu malaria, kuhusu kutapika. Hakuwahi kuuliza dawa inaingia vinywa vingapi. Akajionea aibu, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa na aibu muda mrefu, akaanza kufikiri.

"Apio," alisema, "kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza kama inaisha." Apio alisema polepole. "Na niliogopa. Ungesema Adongo aache. Halafu Adongo angefikiri mimi ndio nimesema."

"Na wewe, Adongo? Unatapika kila asubuhi. Hukutaka kuacha?"

Adongo aliitazama sahani yake. "Nikikataa, ni kama nasema dada yangu aende peke yake."

Mapacha wale hawakutazamana, ila Quinter aliona kila mmoja amesikia jambo ambalo hakuwahi kuambiwa. Akamgeukia mama.

"Mama, niulize kitu. Nani aliolewa kwanza?"

"Adongo."

"Na mahari ilipokuja, ng'ombe walikuwa wa Adongo. Apio mlimruka?"

"Hapana! Nani anaweza ruka?" Akiteng alikereka. "Walileta mbuzi ya Apio. Mbuzi yake, kwa mkono wake."

"Mbuzi, si ng'ombe?"

"Mbuzi. Yeye haikuwa anaolewa."

"Kwa hiyo," Quinter alisema, sasa akiwa ameshika njia na anaijua inakokwenda, "haikuwa lazima wapate kitu kilekile. Ilikuwa lazima kila mtu apate chake."

Kikongwe alikunja uso. Hakukubali, lakini hakukataa. Alichukua kipande cha atapa, akakitafuna muda mrefu kuliko kilivyostahili.

"Adongo naye nitampa chake," Quinter akaendelea. "Jumatano aje na dada yake. Nitamfungulia kadi yenye jina lake, nitatoa damu yake tuione, kwa sababu hii dawa imeichokoza na lazima tujue. Hicho ni chake, si cha Apio. Na huyu atakuwa mwenye daftari. Kila mchana Apio akimeza, Adongo ndiye ataandika. Asipoandika yeye, kwangu hakijamezwa. Mimi sihesabu tena kwa sinia peke yake."

"Na hii?" Akiteng akaonyesha sahani ya Adongo kwa kidevu. "Hii viwili nimeshampatia. Ni yake. Mimi siwezi toa kwa sahani ya mtoto."

Quinter alikwama hapo. Alijua angenyoosha mkono mwenyewe kuvichukua vile vidonge, angefukuzwa boma lile na Apio angekufa na nusu dawa. Akaiweka mikono yake magotini. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyofanya siku hiyo.

Adongo ndiye aliyenyanyuka. Alichukua vidonge vyake viwili, akazunguka mkeka, akapiga magoti mbele ya dada yake. Akamfungua kiganja, akaviweka ndani, akakikunja kile kiganja kwa mikono yake miwili.

"Hii ni yangu," alisema. "Mama hajakupatia. Sista hajakupatia. Mimi nimekupatia."

Apio alilia. Alilia kwa sauti, mwanamke yule wa maneno machache, huku ameshika vidonge vile kama vinaweza kuruka. Akiteng alimtazama huyu, akamtazama yule, akitafuta ni nani aliyerukwa. Hakumwona.

"Apio," alisema hatimaye, kwa ukali wa mtu anayejizuia asilie. "Mtu akikupatia, unamuacha mkono mtupu?"

Apio akafuta pua, akainua kipande chake cha samaki, kile cha kichwa ambacho Wateso na Waluo wote hugombania, akakiweka kwenye sahani ya Adongo. Kisha akameza vidonge vinne mfululizo na kumaliza gilasi nzima ya maji. Quinter aliandika saa na tarehe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, halafu akampa Adongo kalamu.

Jumatatu asubuhi aliingia kwa Daktari Cornelius kabla hajavua koti.

"Nilikosea," alisema. "Apio amekuwa anakunywa nusu ya dawa kwa mwaka mzima. Nimehesabu vidonge vilivyotoka kwenye kopo, sikuhesabu vilivyoingia kwa mgonjwa. Dawa haijashindwa. Haijajaribiwa."

Daktari alimtazama. Katika miaka sita hakuwahi kusikia neno la kwanza kati ya hayo likitoka kinywani mwa Quinter. "Una hakika?"

"Nimeona kwa macho yangu. Sisemi nadhani."

Akapewa miezi mitatu. Tangu siku hiyo kila mgonjwa mpya, kabla ya sinia, aliulizwa swali jipya: "Kwenu nani mwingine anakunywa?" Wengi walicheka. Mzee mmoja wa Nagongera hakucheka. Aliinama, akakiri kwamba mkewe alikuwa anapata kimoja kila Jumapili kwa ajili ya magoti.

Majibu yalirudi Jumatano moja ya mvua. Wote watatu walikuwepo, Akiteng akiwa amevaa gauni lake la gomesi la kanisani, mabinti zake pande zote mbili. Uvimbe wa kope za Adongo ulikuwa umeshuka, na mguu haukumkaza tena. Quinter alikuwa na karatasi mbili mkononi. Alijua ni lazima asome zote mbili, na asome kwa sauti ileile.

"Apio. Ilikuwa thelathini na moja. Sasa ni nne." Akangoja liwaingie. "Inashuka, tena inashuka vizuri. Unabaki na dawa yako. Adongo. Damu yako ilikuwa imepungua. Imerudi yote. Ini ni zima. Huna kitu."

Akiteng alipiga kigelegele kimoja, kikatetemesha dirisha, na benchi zima la wagonjwa likageuka. Lakini Adongo hakushangilia. Aliteremka polepole kutoka kwenye benchi mpaka akakaa sakafuni, akajifunika uso.

"Miezi mitatu tu," alisema ndani ya viganja. "Miezi mitatu imeshuka hivi. Basi ile mwaka mzima mimi nilikuwa nakula maisha yake."

Quinter aliinama amwambie la kumfariji. Alikuwa na maneno ya kazi hiyo, alikuwa ameyatumia kwa watu wengi. Apio alimtangulia. Alishuka naye akakaa sakafuni, bega kwa bega na pacha wake, akamwondolea mikono usoni.

"Sista hajui," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilisikika mpaka mwisho wa chumba. "Mama pia hajui. Siku ile ya kwanza nilipata hii dawa, nilitaka kutupa kwa choo. Niliogopa sana, Adongo. Nilikuwa nimeshakata shauri kufa. Halafu wewe ulichukua yako, ukameza, ukaniangalia." Akaibana mikono ile kifuani pake. "Kama hungekunywa na mimi, hata ile viwili singekunywa."